Shahidi wa Pili wa Neno la Mama

Oddgeir wa shamba la Hamar alikuwa mtu wa kondoo, na watu wa kondoo hawana maneno mengi mdomoni. Maneno yake aliyaweka mezani. Jikoni kwake, pale ambapo wengine huweka chumvi na sukari, palikaa kamusi kubwa inayoeleza kila neno lilikotoka, jalada lake likiwa limeng'aa kwa mafuta ya mikono. Kurasa za mwanzo zilikuwa na madoa mengi ya kahawa kuliko za mwisho, maana kila majira ya baridi alianza kuisoma upya, na kabla hajafika nusu kondoo walianza kuzaa.

Hakuoa. Dada yake mkubwa, Hallbera, aliyeolewa ng'ambo ya mlima katika shamba la Bakki, hakuacha kumchokoza kwa hilo. Walizungumza kwa simu kila Jumapili, ibada ya redioni ikiisha.

"Mke unaye wewe, ila ukimuuliza neno moja anakujibu kwa maneno mia," Hallbera alimwambia.

"Afadhali wangu anajibu. Wako alikujibu lini mara ya mwisho?"

"Wangu anajibu kwa kichwa. Ng'ombe wanamwelewa, na mimi namwelewa. Haya, niambie, leo umefukua nini?"

Hapo ndipo Oddgeir alipopata ulimi. Alichokipenda katika kamusi ni kuona kwamba maneno ya kila siku, yale watu wanayoyatupa huku na huku kama maji ya kuoshea vyombo, yana mababu ambao hakuna anayewafahamu. Alimweleza dada yake kwamba neno lao la skrini ya televisheni ndilo lile lile la dirisha la nyumba za udongo za zamani, na dirisha hilo halikuwa kioo. Lilikuwa ile ngozi nyembamba inayomzunguka ndama tumboni mwa mama yake, ikitandazwa kwenye tundu ili mwanga upite.

"Kwa hiyo kila jioni natazama habari kupitia uchafu wa ng'ombe," Hallbera alisema.

"Ndivyo ilivyo."

"Nilikuwa nashuku."

Kompyuta zilipoanza kuingia nchini, wenye lugha walichukua neno la namba wakalifungisha ndoa na neno la mwanamke mpiga ramli wa kale, wakapata jina. Simu ilipewa jina la uzi, neno lililokuwa limekufa miaka mingi likafufuliwa kutoka vitabu vya kale. Na neno la mjinga, hilo Oddgeir alilipenda na kulichukia, maana asili yake ni mtu aliyekaa nyumbani asiende popote.

"Hilo sikuhitaji kamusi kulijua," alisema Hallbera. "Ninaye ndugu."

Mwanzoni mwa mwaka mmoja, redio ikiwa imewashwa jikoni Jumamosi mchana, kikaja kipindi cha maneno. Watu wa ofisi ya kamusi kule Reykjavik walikuwa na desturi ya kuuliza wasikilizaji: neno hili nani analijua, huko kwenu kitu hiki mnakiitaje. Na watu walijibu. Wakulima ambao wasingethubutu kusimama kanisani kusoma mstari mmoja walipiga simu wakabishana na nchi nzima kuhusu jina la kipini cha reki. Oddgeir alikuwa amesikiliza miaka yote asipige hata mara moja. Aliona haya.

Siku ile mwanamke wa kipindi, aitwaye Ingunn, aliuliza swali jingine. Kondoo akifukiwa na theluji, pumzi yake huyeyusha njia kwenda juu, na juu ya rundo la theluji hutokea tundu dogo lenye ukingo wa manjano. Je, yupo mtu anayelijua jina lake?

Watu wakapiga simu. Mmoja alisema tundu la pumzi. Mwingine akasema wao huliita tundu tu. Oddgeir alisimama, akakaa, akasimama tena. Kisha akapiga.

"Eimla," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua kutoka redioni. "Mama yangu aliita eimla."

Mama yao alikuwa amekufa siku nyingi. Hakuacha kitu cha kuonyesha watu. Picha yake ilikuwa moja, nayo amegeuza uso kwa sababu ya upepo. Lakini Oddgeir alimkumbuka baada ya dhoruba kubwa ya utotoni, akitembea juu ya theluji na fimbo ndefu mkononi, polepole kama mtu anayepita ndani ya nyumba yenye mgonjwa, macho chini. Yeye na Hallbera walimfuata nyuma wakikanyaga nyayo zake. Ghafla mama akasimama akanyoosha fimbo. "Eimla," akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba akilitamka kwa nguvu tundu litajifunga. Wakachimba wote kwa mikono. Chini kabisa walimkuta jike la kondoo amejikunja katika kijipango chake cha joto, amekula sufu yake mwenyewe, akawatazama kama watu waliochelewa.

Kipindi kilipoisha Ingunn alimpigia yeye mwenyewe. Neno hilo halimo popote, alisema, wala kwenye kamusi wala kwenye makabati ya ofisi. Lafanana na neno la kale la mvuke, na huenda ndilo mzazi wake. Kitabu cha kamusi yao chenye herufi ya neno hilo kilikuwa kinaandaliwa, na mwaka utakaofuata, kabla ya majira ya joto, kingekwenda kuchapwa.

"Lakini ninahitaji shahidi wa pili," alisema. "Mtu wa nyumba nyingine, aliyelijua bila kuambiwa. Unaelewa kwa nini."

Oddgeir alielewa vizuri sana. Wapo watu waliotunga maneno usiku wakayapeleka asubuhi.

"Yupo dada yangu. Ameolewa ng'ambo ya mlima."

"Mwingine?"

"Hakuna mwingine aliye hai."

"Basi huyo anatosha. Ila usimwambie. Hata usimdokeze. Nitakuja mwenyewe wakati wa kuteremsha kondoo kutoka malishoni mlimani, nimuulize kwa mdomo wangu. Alisikia kipindi?"

"Hallbera hasikilizi kipindi hicho. Anasema mimi namtosha."

Basi Oddgeir akanyamaza. Alinyamaza majira ya kuzaa kondoo, akanyamaza wakati wa kukata majani, na kila Jumapili alimpa dada yake maneno mengine huku lile moja likiwa limemkaa kooni. Haikuwa kazi rahisi. Walikuwa watu wa kukumbushana mambo ya nyumbani, na mambo ya nyumbani yote yalipita kwa mama.

"Una nini wewe siku hizi?" Hallbera alimuuliza. "Unaongea kama mtu mwenye kaa la moto mdomoni."

"Sina kitu."

"Umepata mwanamke."

"Nitampata wapi, mimi mtu wa kukaa nyumbani?"

"Kitu kipo. Mwezi mzima sasa hujamtaja mama. Nikianza habari zake unanipeleka kwenye kamusi. Mmegombana na marehemu?"

"Subiri mpaka tuteremshe kondoo," alisema Oddgeir. "Utajua."

"Ah. Kumbe ni jambo la kutangazwa." Alisikika akicheka na kumwambia mumewe pembeni kwamba Oddgeir anaoa.

Oddgeir alijua kwamba lingekuwa jambo dogo tu kumwambia. Sentensi moja. Lakini aliheshimu kamusi kama wengine wanavyoheshimu madhabahu, na zaidi ya hayo, alikuwa amejichorea picha ile: watu wote wa bonde wamezunguka zizi kubwa la mawe, kondoo wanalia, Ingunn amenyoosha kinasa sauti chake, Hallbera na skafu yake anaulizwa, na neno la mama linamtoka mdomoni kama kitu cha kawaida. Na yeye Oddgeir amesimama nyuma, hana la kusema. Alisubiri kwa ajili ya hilo.

Siku chache kabla ya kuteremsha kondoo, simu ililia siku ambayo si Jumapili. Alikuwa Bergur, mtoto wa Hallbera.

"Mjomba, mama ameanguka. Tumemkuta kwenye chumba cha maziwa."

"Ameumia?"

"Ni kiharusi, wanasema. Yuko hai. Mkono mmoja hauinuki. Na hasemi, mjomba. Anafungua mdomo tu."

Kondoo waliteremshwa kama kawaida, maana kondoo hawasubiri ugonjwa wa mtu. Oddgeir alisimama ndani ya zizi akiwashika kwa pembe na kutazama alama masikioni, wake na wa Bakki, akiwasukuma kila mmoja kwenye mlango wake. Wanaume waliimba wakipitishiana chupa. Ingunn alikuja kweli, mwanamke mwembamba aliyevaa buti za kuazima, na kinasa sauti begani. Alipoambiwa habari, alikishusha chini kwenye matope.

"Pole sana," alisema. "Wengine maneno huwarudia. Shangazi yangu yalimrudia."

"Na yakirudi, sharti ni lile lile?"

"Ni lile lile, Oddgeir. Nikipokea neno ambalo tumemtia mtu mdomoni, sitajua tena lipi ni la watu na lipi ni letu."

"Najua," alisema Oddgeir. "Mimi ningekuwa wa kwanza kulalamika."

Hallbera alipelekwa kwenye nyumba ya wazee mjini. Barabara ya mlimani ilipokuwa wazi Oddgeir alikwenda, kamusi kwenye kiti cha pembeni kama abiria. Alimkuta ameketi dirishani, nywele zimechanwa upande ambao hakuwa akizichana mwenyewe, mkono mmoja umelazwa mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Macho yalikuwa yale yale, nayo yalimfahamu, tena yalimcheka. Lakini mdomo ukifunguka ilitoka pumzi tupu, na Hallbera alishangaa kila mara, kama mtu aliyetia mkono kwenye mfuko aliozoea kukuta funguo, akaukuta mtupu.

Mwanzoni Oddgeir alimsomea tu. Alimsomea maneno yenye asili za kuchekesha, naye upande mmoja wa mdomo ukapanda. Wakanywa kahawa, yake Hallbera ikiwa kwenye kikombe chenye mfuniko kama cha mtoto. Muuguzi alisema mgonjwa anaelewa mengi, aongee naye kama zamani.

Lakini kitabu kilikuwa kinakwenda kuchapwa kabla ya majira ya joto, na Oddgeir alianza kumvuta dada yake kuelekea lile neno bila kulitaja. Alileta picha ya kondoo ndani ya theluji. Alileta fimbo ya mama, ile ndefu, ikabidi afungue madirisha yote mawili ya gari ili ienee. Siku moja alichota theluji barazani kwenye sinia la chakula, akatoboa tundu kwa kidole, akapaka ukingo wake kahawa kidogo ili uwe wa manjano, akaliweka mapajani mwa Hallbera.

"Hiki nini, dada? Mama alikiitaje?"

Hallbera alitazama sinia. Akamtazama yeye. Midomo ikaanza kufanya kazi, shingo ikakaza, jasho likamtoka juu ya nyusi. Hakikutoka kitu. Theluji ikayeyuka, maji yakamwagikia blanketi, na machozi yakamtoka Hallbera bila sauti yoyote.

Bergur alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja akachukua sinia.

"Mjomba, unamfanyia mama mtihani?"

"Namuuliza tu."

"Humuulizi. Nimekusikia hata wiki ile. Siku ukija, jioni yake hali chakula, unajua hilo? Anakaa anafungua mdomo na kufunga, anafungua na kufunga, mpaka wamlaze."

"Ni neno la mama yetu, Bergur. Likikosa kuingia sasa halitaingia tena."

"Basi liandike wewe. Si unalijua?"

"Mimi peke yangu sitoshi."

Bergur alilisawazisha sinia mkononi. Hakuwa mtu mkali. "Mwenzio hata jina langu hawezi kulitaja," alisema, akaenda kumwaga maji.

Baada ya hapo Oddgeir hakuuliza tena. Alikwenda, akakaa, akasoma kidogo, akarudi. Nyumbani Jumapili alijikuta amesimama karibu na simu ibada ikiisha. Aliwaza kwamba kama angesema ile sentensi moja wakati wa kukata majani, Hallbera angemjibu palepale, angemtania, wangecheka wote, na kwa kamusi lisingekuwa limefaa kitu. Lakini angekuwa amelisikia kwake. Sasa hakuwa na hili wala lile.

Ilikuwa karibu na mwisho wa baridi alipomkuta dada yake katika hali mbaya. Alikuwa anataka kusema jambo, na lilikuwa kubwa, maana alikuwa akipiga mkono wa kiti kwa mkono wake mzima, pa, pa, pa, uso mwekundu. Muuguzi alikuwa amejaribu kila kitu akaondoka. Oddgeir naye akajaribu. Choo? Maji? Bergur? Hallbera akazidi kupiga. Oddgeir akamshika ule mkono, na kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya, akaanza kusimulia, kama mtu anavyomwimbia mnyama aliyenaswa kwenye waya.

"Unakumbuka ile dhoruba, dada? Tulipomfuata mama. Wewe ulikuwa na buti za baba, ukaniambia nikanyage ndani ya nyayo zako au nitazama. Nami nikazama hivyo hivyo. Ukanivuta kwa nywele. Mama hakugeuka. Alikuwa anatazama chini tu. Kisha akasimama, akanyoosha fimbo."

Mkono ulikuwa umetulia. Hallbera alikuwa anamtazama mdomoni.

Mara zote Oddgeir alipofika hapo alizunguka, kama mtu anayezunguka shimo. Safari hii hakuzunguka. Hata hakuamua.

"Akasema, eimla."

Uso wa Hallbera ukafunguka.

"Eimla," alisema.

Alilisema wazi, kwa sauti yake mwenyewe, ile nzito ya simu ya Jumapili. Akaisikia. Akashtuka, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akasema tena, "Eimla, eimla," na Oddgeir akacheka naye huku machozi yakimshuka mpaka kwenye ndevu. Muuguzi alikuja mbio, akaenda kuwaita wenzake. Hallbera aliwatazama wote akawaambia, mmoja mmoja, kama anayegawa maandazi, "Eimla."

Akiwa njiani kurudi, juu mlimani, Oddgeir alisimamisha gari. Alikuwa amegundua kitu. Je, dada yake alilikumbuka, au alilirudia tu, kama mtoto anavyorudia? Ule uso uliofunguka, ulifunguka kwa kumwona mama juu ya theluji, au kwa furaha ya kupata sauti yoyote ile? Hakuna mtu ambaye angeweza kumwambia. Dada yake alijua, lakini hakuwa na neno la kumwelezea.

Ingunn alipiga simu kabla kitabu hakijaenda kuchapwa.

"Vipi Hallbera? Amesema?"

Oddgeir alishika simu kwa mikono miwili. Lilikuwa jambo dogo. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani siku ile.

"Amesema," alijibu. "Lakini mimi nilitangulia."

Kule upande wa pili kalamu iliwekwa mezani.

"Asante kwa kuniambia," Ingunn alisema. "Basi litabaki na shahidi mmoja."

"Litakaa wapi?"

"Kwenye droo, pamoja na mengine ya shahidi mmoja."

"Mengine ni mengi?"

"Ni mengi sana, Oddgeir."

Alimshukuru, akaweka simu chini. Hakuifungua kamusi siku ile, wala siku zilizofuata. Kondoo walikuwa wameanza kuzaa.

Alipopata nafasi ya kwenda mjini, theluji ilikuwa imebaki kileleni tu. Bergur alimpokea ukumbini.

"Yuko salama. Anasema lile neno lako kutwa nzima," alisema. "Chai ni eimla. Mimi ni eimla. Jana daktari alikuwa eimla."

"Mengine?"

"Hakuna mengine, mjomba."

Hallbera alikuwa kwenye kiti chake. Alipomwona ndugu yake alifurahi, akampa mkono, kisha uso wake ukageuka kuwa wa mtu mwenye shida.

"Eimla," alisema.

Oddgeir akamletea maji. Akayasukuma. Akamfunika miguu, akamfunua. Akawasha redio, akaizima. Akamletea picha ya mumewe kutoka juu ya kabati, Hallbera akaitazama kwa adabu, akairudisha.

"Eimla."

"Nakusikia, dada. Niambie ni wapi."

Hallbera akapunga mkono kuelekea chumba, chumba chote, dirisha, mlango, ukuta, na yeye mwenyewe Oddgeir. Alijaribu kulisema kwa namna nyingine, juu, chini, haraka. Kisha akavuta pumzi akalisema polepole sana, kwa upole, kama mtu anayemwelekeza njia mgeni asiyejua lugha.

"Eim-la."

Oddgeir aliinuka akafungua dirisha. Upepo ukaingia. Alimgeukia dada yake kuona kama ndilo.

Halikuwa dirisha. Akalifunga, akarudi, akakaa.